Mfereji wa Namba Saba

Mimi ni mtu wa boila. Miaka kumi na moja nimechoma kuni nyuma ya hoteli ya Mama Bhanu hapa Nakuru, na hakuna siku nimeulizwa maoni. Ninayo mengi.

Mwaka wa sabini na tisa akaja Kosgei, afisa wa afya, na karatasi. Akasema kuna wadudu wasioonekana kwa macho, wanazaliana kwa maji ya vuguvugu na kwa paipu zilizolala bila kutumiwa. Mtu akioga anavuta rasharasha ya shawa, wadudu wanaingia kwa mapafu, anazikwa. Kwa hivyo tangi liwe moto mpaka mkono ukatae, na kila mfereji ufunguliwe kila wiki. Nikamwambia hilo la moto nimelisema tangu niajiriwe. Hakuandika.

Nikafungua mifereji yote isipokuwa wa chumba namba saba. Hicho kilikuwa chumba cha Mzee Dhirajlal, mume wa Mama. Alioga humo asubuhi moja, akatoka, akaanguka kwa ngazi, akafa, basi. Mama akafunga mlango, ufunguo akaufunga kwa pindo la sari. Miezi kumi na minne sasa.

"Mama, nipe ufunguo."

"Hapana."

"Jumamosi Umesh anakuja, na umesema atalala humo." Umesh ni mdogo wake, alikuwa ametoka tu hospitali na kifua kibovu. "Unataka kumwua ndugu yako na shawa?"

"Makokha, chunga mdomo!"

"Nitauchunga. Na hayo maji, nani atayachunga?"

Akakaa kwa ngazi. "Ule mfereji aliufunga yeye," akasema. "Kwa mkono wake. Tangu hapo hakuna mtu ameugusa."

Ala! Nilikuwa na maneno makali matatu tayari, nikayameza yote. Nilimwonea huruma, na sipendi kumwonea mtu huruma nikiwa kazini. Nikamwambia pole, lakini Umesh bado anapumua.

Ijumaa asubuhi akafungua mlango. Nikafungua dirisha, nikang'oa kichwa cha shawa nikakisugua, nikafunga paipu kwa gunia mpaka ndani ya ndoo ili maji yasirushe rasharasha. Mama akajifunika pua. Akakataa nimshikie mfereji. Akauzungusha kwa mikono miwili.

Maji yakatoka mekundu, yakakohoa, yakawa safi, yakawa moto. Nikahesabu dakika alizosema Kosgei, nikaongeza tano zangu.

"Tayari, Mama. Funga."

Hakufunga. Alisimama tu, mkono juu ya mfereji, machozi yanamtoka.

Tangi halina maji ya miujiza. Dakika chache zaidi lingepoa, na kazi yote ingekuwa bure. Nilitaka kumwambia hivyo.

Nikashuka nyuma nikaongeza kuni.

Nikaongeza tena. Saa nne nilikuwa nimemaliza rundo la siku mbili, na juu maji bado yalikuwa yanamwagika, yakiwa moto.