Konzi ya Unga Kaburini

Majibu yalifika Jumanne asubuhi, Effie MacCorrie akiwa anamenya viazi. Kompyuta yake ilikaa juu ya meza ya jikoni, mahali ambapo watu wengine huweka redio, nayo ikalia mara moja kama kifaranga. Akajifuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akasoma. Kisha akarudi kwenye viazi vyake. Alivimenya vyote vilivyokuwamo ndani ya beseni, hata vile vya kesho, na mtu ambaye angepita dirishani asingejua kwamba kuna neno.

Neno lilikuwepo. Kile kijiti cha pamba alichomsugua nacho kaka yake ndani ya shavu kilikuwa kimesema kwamba Torquil MacCorrie hakuwa MacCorrie.

Jambo hili lilikuwa na mizizi. Katika bonde la Arrin liko kanisa lisilo na paa, na ubavuni mwake pana ua wa mawe ambamo kina MacCorrie wamezikwa tangu watu walipoanza kuhesabu. Ardhi ya mle ndani ni mwamba mtupu. Udongo wa kuchimbika umebaki wa makaburi tisa, basi. Na barua zilikuwa zikija kutoka ng'ambo, Kanada, Marekani, Australia, kila mtu mwenye jina hilo akiomba alazwe pale siku zake zikiisha. Barua hamsini na tatu, nafasi tisa.

Effie alikuwa katibu wa chama cha ukoo kwa miaka thelathini na minane. Hakuolewa, watu walisema aliolewa na daftari. Ndani ya daftari lile mlikuwa na kila MacCorrie wa bonde, nani kamzaa nani, nani kafia vitani, nani kafia kwenye pombe. Mambo ya barua yalipozidi, ni yeye aliyetoa wazo: wanaume wa ukoo wapimwe DNA, walinganishwe na bwana wa Nyumba Kubwa, ambaye ndiye shina. Atakayelingana, yeye na dada zake na mkewe wana haki ya kulala uani. Asiyelingana, makaburi ya serikali yapo kule mjini, na nyasi zake zinakatwa vizuri. Wakapiga kura, wazo likapita, na Effie mwenyewe akaliandika kwa mkono wake likawa kanuni, ya kuanza kazi wote wakishapimwa.

Sasa, alama za DNA zinazopimwa hapo hupita kwa wanaume peke yao, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kama jina lenyewe linavyopita. Effie aliujua ukoo mzima kwa kichwa, lakini mate yake hayakuwa na la kusema. Ilimbidi amwendee kaka yake.

Torquil alikuwa na miaka sabini na tisa, mfuga kondoo, naye hakuoa. Kifua chake kilikuwa kibovu na daktari alishamwambia asihesabu sana majira ya baridi yajayo. Yeye alilipokea hilo, akaomba jambo moja tu: azikwe karibu na baba, upande wa ukuta, upepo usimsumbue. Na Effie alimwahidi.

"Fungua mdomo," Effie alimwambia siku ile.

"Mimi si kondoo."

"Kondoo angekuwa ameshafungua. Fungua, kaka, ni jambo la dakika moja. Tunaanza na wewe ili wengine waone."

Torquil alikitazama kile kijiti, kisha akamtazama dada yake. "Una hakika unalitaka hili, Effie?"

"Mbona unauliza hivyo?"

"Nauliza tu," akasema, akafungua mdomo.

Ndipo majibu yakaja. Alama zilizopimwa zilikuwa thelathini na saba. Watu wa shina moja hupishana alama mbili tatu hivi. Torquil na bwana wa Nyumba Kubwa walifanana alama kumi na tisa. Effie alihesabu mara tatu kwa ncha ya penseli.

Kitu cha kwanza kumjia kichwani hakikuwa kizuri. Alikwenda sebuleni akaishusha picha ya bibi yao, mama yake baba, aliyesimama mlangoni na kuku miguuni. Bibi Seonaid alikuwa mwanamke wa kusali mara mbili Jumapili. Hata hivyo palikuwa na fundi cherehani mmoja aliyekuwa akipita bondeni kila vuli, na Effie alishawahi kusikia wanawake wakicheka juu yake na kunyamaza watoto walipoingia. Aliitazama picha ile sana, akitafuta dhambi kwenye uso wa mtu aliyekufa miaka sitini iliyopita. Tangu hapo hakumtazama bibi yake machoni.

Jumatano jioni akapata akili. Huko Kanada alikuwepo mzee mmoja aliyekwisha kupimwa kwa gharama zake, naye daftari lilionyesha kwamba babu wa babu wa babu yake alikuwa ndugu tumbo moja na yule wa kwao, aliyepanda meli akaenda zake. Effie akamlinganisha mzee huyo na Torquil. Alama thelathini na sita kati ya thelathini na saba. Basi, bibi Seonaid hakuwa na kosa. Damu ile ngeni iliingia zamani, kabla hata ya meli. Effie akairudisha picha ukutani, akainyoosha, akasema, "Nisamehe, bibi," kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kanisani.

Lakini hilo halikumsaidia Torquil. Kanuni haikuuliza damu ngeni iliingia lini.

Simu ikalia. Alikuwa Lachlan, mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu ambaye hata salamu alizitoa kama anasahihisha madaftari.

"Effie, ya Torquil yameshakuja? Jumamosi tuna kikao."

"Bado," akasema Effie.

Alipoiweka simu chini alikaa. Neno la kufungulia majibu yale alilijua yeye peke yake. Angeweza kuandika "yanalingana" na hakuna ambaye angeuliza. Nani angemshuku Effie? Kaka yake angelala karibu na baba, na yeye mwenyewe baadaye, na siri ingelala nao. Ni herufi chache tu. Alizifikiria herufi hizo mpaka chai ikaingia utando.

Alhamisi alivaa buti akapanda kwenda shambani kwa Torquil. Alimkuta akioka mikate ya shayiri juu ya chuma, mlango wazi, mbwa kalala kizingitini.

"Umekuja na uso wa kodi," akasema Torquil. "Kaa. Umekula?"

"Kaka, majibu yamekuja."

"Ehe."

"Hatulingani nao. Sisi si wao."

Torquil aligeuza mkate. "Huu umeungua kidogo. Utakula wewe au mbwa?"

"Torquil, nimesema sisi si MacCorrie wa damu."

"Nimesikia. Kifua ndicho kibovu, masikio bado." Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Sisi ni wa unga, Effie."

Akamweleza huku anaoka. Babu alimwambia yeye na marehemu ndugu yao Ewan, walipokuwa vijana wakikusanya kondoo mlimani. Palikuwa na mwaka wa njaa, na bwana wa Nyumba Kubwa wa wakati huo alikuwa na maadui wengi na watu wachache. Akatangaza: mwanamume yeyote atakayekubali kuitwa MacCorrie na kusimama upande wake atapewa magunia mawili ya unga wa shayiri. Mtu wao akashuka na jina moja, akapanda na jina jingine na magunia mgongoni.

"Na zamani tulikuwa kina nani?"

"Hilo babu hakulijua. Labda halikuwa jina la kushibisha."

Effie alikaa na mkate mkononi bila kuuma. "Miaka thelathini na minane naandika ukoo huu. Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Kila ulipokuja ulikuja na karatasi umeshajaza. Asiyeuliza, dada yangu..." Akaacha hapo, maana mwisho wake anaujua kila mtu. "Tena babu alisema ni neno la wanaume. Upumbavu, lakini ndivyo alivyosema."

Ndipo Effie akakumbuka jambo. Katika bonde lile wanawake husindikiza maiti hadi getini. Kaburini huenda wanaume. Na kila mazishi ya nyumba yao, tangu babu hadi Ewan, alikuwa akimwona mwanamume mkubwa wa nyumba akichota unga kwenye mtungi wa jikoni na kuutia mfukoni mwa koti jeusi. Aliwahi kumwuliza baba, akajibiwa, "Wa ndege." Na katika daftari alikuwa ameandika hivyo hivyo: *desturi ya nyumba yetu, kulisha ndege siku ya mazishi.*

"Ule unga," akasema.

"Konzi moja, kabla ya udongo. Ili waliolala wajue anayekuja ni wa nyumba ipi. Wasije wakadhani tunawadanganya."

Mbwa akaamka, akanusa mkono wa Effie, akapewa mkate.

"Jumamosi nikisema ukweli, hutalazwa pale," akasema Effie. "Kanuni niliiandika mimi."

"Najua. Ulinisomea. Uliisoma vizuri."

"Nikinyamaza utalazwa."

Torquil alipanga mikate ndani ya kitambaa, mmoja mmoja. "Mimi nataka ukutani kwa baba, sikufichi. Lakini wetu wote waliolala mle waliingia na unga wao, mbele za watu. Mimi niingie kwa herufi zako za uongo? Hapana."

Jumamosi, ukumbi wa kijiji, wanaume kumi na wawili na Effie na birika la chai. Torquil alikaa nyuma karibu na mlango kwa ajili ya pumzi. Lachlan alipomaliza kusoma ajenda, Effie akasimama akasema yote kwa mpangilio: kumi na tisa kati ya thelathini na saba, mzee wa Kanada, mwaka wa njaa, magunia mawili. Hakulia wala hakujitetea. Akamalizia, "Na Jumatano mwenyekiti aliniuliza nikasema bado. Ilikuwa uongo. Iandikwe."

Birika likatoa mvuke.

"Mchimba shimo," akasema Murdo muuza nyama, taratibu.

"Huingia mwenyewe," akasema Effie. "Ndiyo. Nimo ndani, nawasalimu."

Lachlan aliondoa miwani. "Inasikitisha. Lakini kanuni ni kanuni."

"Ndivyo. Kwa hiyo tuendelee nayo." Effie akafungua mkoba, akatoa vijiti vya pamba kumi na kimoja, kila kimoja na jina lake, akavipanga mezani kando ya biskuti. "Kila mwanamume achukue chake. Vinatakiwa kurudi kabla ya mwisho wa Machi."

Hakuna mkono uliokwenda mezani. Wengine walitazama biskuti, wengine viatu.

Murdo akajikuna shingo. "Hivi Effie, kwenu yalikuwa magunia mangapi?"

"Mawili."

"Mawili," Murdo akarudia, kama mtu anayelinganisha bei. "Kwetu bibi alikuwa akisema moja na nusu. Walitupunja."

Mmoja akacheka, akafuata wa pili, na wa tatu ambaye alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi. Torquil pale mlangoni alikohoa kweli. Lachlan peke yake hakucheka. Alichukua kijiti chake, akakitia mfuko wa ndani wa koti, akasema kikao kimefungwa.

Machi ikaisha. Vijiti vilivyorudi vilikuwa sifuri. Murdo alisema chake kililiwa na mbwa. Mwingine alisema alikisahau kwenye trekta. Lachlan hakusema kitu, na Effie hakumwuliza. Kanuni ilitaka wote wapimwe ndipo ianze kufanya kazi, kwa hiyo haikuanza, na haikufutwa pia. Katika kumbukumbu za chama Effie aliandika: *Jambo la vipimo limeahirishwa.* Watu wa ng'ambo wakajibiwa kwa adabu kwamba mahali pamejaa, jambo ambalo lilikuwa karibu na kweli.

Torquil alikufa mwezi wa Mei, kondoo wakiwa wameshazaa. Kaburi lilichimbwa karibu na baba, upande wa ukuta, na hakuna aliyepinga.

Effie alisindikiza jeneza hadi getini akasimama hapo na wanawake wenzake. Alikuwa na unga mfukoni. Alikusudia kumpa Murdo. Murdo alikuja, akautazama, akatikisa kichwa.

"Huo ni wa nyumba yenu. Mimi nina wangu, siku yangu ikifika. Njoo."

"Mimi ni mwanamke, Murdo."

"Nimekufahamu miaka sabini, hilo nalijua. Mwanamume kwenu amebaki nani?"

Akaingia. Ardhi ilikuwa na mawe na buti zake zilikuwa mpya. Alipofika ukingoni alitoa konzi ile akaitupa, nayo haikwenda yote chini; upepo ulichukua kiasi ukakimwaga juu ya koti jeusi la Lachlan aliyesimama ng'ambo ya kaburi. Lachlan aliuangalia ule unga kifuani mwake. Aliondoka nao hivyo hivyo, bila kuupangusa.

Nyumbani Effie alifungua daftari, akakata yale maneno ya kulisha ndege, akaandika yaliyo ya kweli. Kisha akaenda ukurasa wa kwanza, juu kabisa, juu ya babu wa babu wote, ambapo kwa miaka thelathini na minane palikuwa na jina la bwana wa Nyumba Kubwa. Akalifuta kwa kifutio. Mahali pake akaandika kwa penseli: *Jina halijulikani. Alikuwa na njaa.* Akafunga daftari akaenda kubandika viazi.