Mikeka ya Matanga ya Alimasi

Idi nitamchukia mpaka niingie kaburini, na nikimkuta huko nitaendelea. Msiniambie nisamehe. Sikilizeni kwanza.

Mdogo wangu Esha aliolewa na Alimasi, karani wa stoo ya mawese kule Kizuka. Mwaka wa Uhuru, watu wanacheza ngoma barabarani, Alimasi alipandisha mabati juu ya nyumba yake hapa Rumonge, wa kwanza katika mtaa wetu. Eti nyasi ni mambo ya zamani! Jua lilipopiga, tulikoma. Akaweka dari ya matete, akasema joto litabaki huko juu. Kweli lilibaki huko, na kwa miaka kumi hakuna aliyelikumbuka.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili. Mwezi wa nne waasi waliua watu hapa kwa mapanga, kisha askari wa serikali wakaja kulipiza kisasi, wakawa wanachukua kila mwanaume aliyewahi kushika kalamu. Waliopandishwa kwenye kamyo, yale malori ya jeshi, hawakurudi. Alimasi akapanda darini kupitia tundu la sebuleni, akalala juu ya mbao, kati ya matete na mabati. Mimi nikahamia kwa Esha, tukawa tunamshusha alfajiri ale, anywe, anyooshe miguu, kabla mtaa haujaamka.

Mvua ikakata. Mchana mabati yalikuwa hayashikiki. Alimasi alishuka midomo imepasuka, macho mekundu.

"Shemeji, munanianika kama visamaki, kama ndagala wa Gitaza," alinitania, lakini sauti yenyewe haikutoka.

Alfajiri moja alizimia mikononi mwetu. Tukaelewa kwamba joto litamuua kabla ya askari. Dawa yake ilijulikana: kufunga mikeka chini ya mabati, tabaka mbili, na majani makavu ya migomba katikati. Majani yalijaa uani. Mikeka tulikuwa nayo miwili tu, tena mibovu. Esha akapanda mwenyewe, akapima kwa mikono upande ule aliolala mumewe, akashuka amejaa masizi.

"Kumi na miwili," akasema. "Ikipungua, jua litapita."

"Kumi na miwili! Mama Bora atakuuliza kama unafungua musikiti."

Mama Bora ndiye aliyeuza mikeka sokoni. Alijua kila nyumba ina vyumba vingapi na nani analala wapi. Ukinunua mmoja, anauliza mgeni katoka wapi. Nyasi nazo zingetupeleka pabaya zaidi, maana nyumba ya mabati inataka nyasi za nini? Na kununua mmoja leo, mmoja wiki ijayo, Alimasi asingefika.

Esha alifuta masizi kwa kanga. Kisha akasema, "Nitasema amekufa."

"Astaghafirullah!"

"Sikia, dada. Nyumba yenye matanga inanunua mikeka mingi na hakuna anayeuliza. Nitasema alizama ziwani akivuka kwenda Kigoma. Na askari wataacha kumutafuta."

Nilimkumbatia. Wallahi, nilimkumbatia! Tulijiona wajanja kweli. Watu watakuja, watatoa pole, jioni watakwenda zao, sisi tubaki na mikeka. Alimasi mwenyewe alicheka kule juu, akasema, "Munililie vizuri, basi." Tukampandishia chupa ya maji, tukafunika tundu.

Lo! Mama Bora hakutukopesha mikeka tu. Alifunga biashara, akaita wanawake wa soko, wakaja wamejitwika mikeka vichwani, na nyuma yao mtaa mzima. Nani aliwahi kuona mikeka ya matanga ikienda peke yake? Tulikadiria mikeka, watu wa kuikalia hatukuwakadiria. Ilipofika jioni, kwa ile amri ya askari ya kutotembea usiku, hakuna aliyethubutu kutoka. Wakalala palepale.

Na Idi akaja. Huyu alikuwa kaka yake Alimasi, baba mmoja, mama mbalimbali, mtu wa kula na kunywa na askari. Nyumba ile aliitamani tangu bati la kwanza. Alichagua mkeka mzuri, akautandika chini ya tundu kabisa.

"Hapa ndipo nitakapomulilia ndugu yangu," akasema.

Kesho yake watu hawakuondoka. Esha alipoinuka tu, Idi akamwambia, "Keti, shemeji. Uko edani. Mujane hatangatangi." Mimi nikaleta ngazi, nikasema nataka kushusha maharage ya kupikia wageni. Akaniangalia, akatabasamu. "Bi Mariyamu, maharage nitanunua mimi. Rudisha ngazi."

Niseme nini? Nikisema, askari wako nje na rafiki yao yuko ndani. Alimasi naye aliisikia sauti ya kaka yake, ndiyo maana hakushuka. Joto lilikuwa kali hata chini kwetu, watu wanajipepea kwa kanga. Nilitazama matete yale nikawa naona chupa moja tu, chupa moja. Esha alilia. Si kilio cha kuigiza tena, kilimtoka tumboni, na wanawake wakasema huyu kweli alimpenda mumewe.

Siku iliyofuata, adhuhuri, tukiwa katika dua, dari ikakwaruzwa. Kucha, taratibu, juu ya matete. Mama Bora akainua kichwa. Esha akanishika mkono akanibana mpaka nikaumia.

Idi hakufungua hata macho. "Panya," akasema. "Mwaka huu wamezidi. Muendelee." Akapaza sauti kumwombea marehemu, akaomba Mungu amnyweshe maji ya peponi. Mbwa yule! Dari ilipokwaruzwa tena, akapaza zaidi, na watu wote wakamwitikia amina. Mimi pia niliitikia. Ningefanyaje?

Jioni dari ilinyamaza. Idi akalala usingizi mzito, anakoroma. Asubuhi akaketi, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akainuka akakung'uta kanzu.

"Matanga yamekwisha," akasema. "Mama Bora, chukua mikeka yako ukauze. Shemeji hana kazi nayo tena."

Wanawake wakaikunja, wakajitwika, wakatoka wakituaga kwa huruma. Idi alitoka wa mwisho. Ule mkeka wake alikuwa ameukunja vizuri, akausimamisha mlangoni.

"Huu mumoja nawaachia," akaniambia, taratibu, kama anayenipa zawadi. "Unawatosha."

Tulipanda darini. Alimasi alikuwa amegeukia tundu, mkono umenyooshwa, chupa imelala kando tupu. Alikuwa mwepesi mpaka Esha peke yake aliweza kumpokea.

Tulichimba wenyewe nyuma ya nyumba, kwenye migomba, usiku uliofuata, mpaka karibu na kupambazuka. Mkeka ulimtosha, hata ukabaki wa kukunja. Mama Bora alikuwa anapita barabarani kwenda sokoni, na Esha alipofungua mdomo alie, nilimziba kwa kiganja kilichojaa udongo, maana mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumlilia.