Taya Chini ya Magunia

Binti mgeni aliingia machimboni akiteleza juu ya kifusi, viatu vyake vyepesi vikimsaliti kila hatua, na nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine. Wanawake waponda kokoto walijua aina mbili tu za watu wanaofika pale bila tipa ya kubeba kokoto: wa ushuru na wa kufukuza.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," akajibu Bi Nyundo bila kuachia mpini. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake pete ya mpira wa tairi iliyozuia jiwe lisiruke alipoligonga. "Kama ni ushuru, mwenzio alipita jana."

Binti akatabasamu, kisha akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kilichopinda, kirefu kama ndizi, ukingo wake una vijino vya msumeno. Alisema anafanya kazi makumbusho. Kitu kile alikiokota kwenye kokoto za jengo jirani na kwao, na mafundi wakamwelekeza huku.

"Hili ni jino la dinosaria mla nyama," akasema. "Mnyama mrefu kuliko lori. Alitoweka duniani kabla binadamu yeyote hajazaliwa, na mifupa yake ikageuka jiwe. Mmewahi kuona vitu vingine kama hiki?"

Bi Nyundo akamtazama wifi yake, na wifi akatazama chini. Walikuwa wameviona sana. Jiwe jeusi, ndivyo walivyoliita, na waliligombania, maana lilipasuka vizuri bila vumbi jingi na madereva walilipenda. Uti wa mgongo wa yule mnyama ulikwisha kumwagwa kwenye misingi ya nyumba za watu.

"Tumemponda," Bi Nyundo akasema polepole. "Mungu atusamehe, tumemponda kuanzia mkiani."

Akainuka, akamwongoza binti hadi kwenye ukuta wa shimo lake. Pale lilijitokeza taya, refu kama benchi, meno yakiwa yamepangana vilevile. Alikuwa amekusudia kulivunja siku hiyo hiyo, kwa kuwa tipa ilitarajiwa alasiri na lundo lake lilikuwa halijatimia. Lundo pungufu halipakiwi.

Binti akapiga magoti, akaligusa kama mtu agusaye paji la uso la mgonjwa.

"Mama, naomba lisiguswe mpaka nirudi na wenzangu, tulete plasta ya kulifunga lisivunjike. Leo leo. Nitawaambia wakubwa mchimbe pamoja nasi, mlipwe."

Maneno ya mwisho hayakumwingia Bi Nyundo; ahadi za wakubwa alikwisha kuzila, na hazishibishi. Kilichomshika ni lile "naomba". Machimboni watu walimwamuru na kumkemea. Hakukumbuka aliyewahi kumwomba.

"Nenda, mwanangu. Utalikuta."

Mgongo wa binti haujapotea vizuri, wifi akamrukia.

"Wifi, umerogwa? Lete nyundo tulimalize!"

"Nimeshaahidi."

"Umeahidi njaa! Serikali ikipenda jiwe, ujue wewe ndiwe takataka. Watazungusha uzio hapa, waweke mlinzi na bango. Bila mfupa hakuna uzio. Tulivunje, akirudi tumwambie limeporomoka."

Bi Nyundo alijua wifi hasemi uongo. Kule mtoni walikochota mchanga walifukuzwa vivyo hivyo. Pakazungushiwa uzio, na mpaka leo ndani yake yanaota magugu tu.

"Huyo mnyama amekufa, wifi. Sisi bado tunakula," akasisitiza wifi yake.

"Kula gani huko unakokusema?"

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi kilichokosa pa kukaa. Kisha Bi Nyundo akalifunika taya kwa magunia yaliyoloweshwa, akaketi mbele yake, nyundo mapajani.

Tipa ilipofika, dereva alilipima lundo kwa macho.

"Bi Nyundo, lundo lako lina utapiamlo. Vunja hilo jiwe la nyuma yako, nakusubiri."

"Hilo si langu. Mwenyewe anakuja."

Dereva akatikisa kichwa, akapakia kokoto za wifi, akaondoka. Vumbi lilipotulia, wifi akaja kuketi karibu.

"Leo utakula kwangu," akasema. "Kesho, sote tutakula kwa nani?"

Binti alirudi jua likishuka, na gari lililobeba plasta. Nyuma yake lilifuata jingine lenye nguzo na waya. Afisa aliyeshuka hakusalimia.

"Eneo hili sasa ni urithi wa taifa. Mmekuwa mkichimba bila kibali. Kusanyeni vyombo vyenu mtoke."

"Mkubwa, tulikubaliana watafanya kazi nasi!" binti akapaza sauti. "Wao ndio walio—"

"Bajeti ya vibarua haipo. Ya uzio ipo."

Wanawake wote wakamgeukia Bi Nyundo. Pigo moja tu kwenye taya lingetosha. Akasimama na nyundo yake mkononi, na afisa akarudi nyuma hatua.

Bi Nyundo akaiweka nyundo chini. Akainama, akayaondoa magunia moja moja, mpaka taya likaonekana lote.

"Hesabu meno, mwanangu," akamwambia binti, ambaye sasa alikuwa akilia waziwazi. "Hakuna lililopungua."