Ugomvi wa Cheti

Watu wazima na akili zao huukimbia ugomvi. Redio alikuwa anautafuta kwa udi na uvumba.

Redio ndilo jina alilobandikwa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hoteli, na hakulikataa, maana kweli hakuna habari iliyoingia jengo lile bila kupitia kwake. Alikuwa msimamizi wa zamu ya mchana. Alijua nani hakulala kwa sababu ya mtoto mwenye homa, nani kanuniwa na mume, nani kaonekana na nani kituo cha basi. Ujuzi huo hakuutumia kwa umbea tu, ingawa umbea nao haukuachwa nyuma. Aliutumia kupanga kazi. Wawili wakianza kutazamana kwa jicho la pembeni asubuhi, kabla ya chai mmoja yuko kwenye pasi, mwingine yuko stoo ya sabuni, na kila mmoja kachekeshwa mpaka kasahau alichonunia.

Hapo ndipo palipomponza.

Wakubwa wa hoteli walikuwa wametangaza kwamba kila msimamizi lazima apate cheti cha usimamizi, kile ambacho mtu hupewa kwa kuonekana akiifanya kazi yenyewe, si kwa kukaa darasani na kujibu maswali. Asiyekuwa nacho mwezi ukiisha angerudi kwenye pasi, na mahali pake angeletwa mtu kutoka nje. Mtathmini, mwanamume mpole mwenye viatu visivyotoa sauti, alikuwa akija na kusimama pembeni na kalamu yake, akimtazama Redio akigawa kazi, akimfundisha mgeni mashine, akipokea malalamiko ya wahudumu wa vyumba. Katika cheti kile hakuna kufaulu wala kuanguka. Kuna "ameweza" na kuna "bado". Redio alikuwa ameweza kila kitu isipokuwa sehemu moja, kusuluhisha ugomvi kati ya wafanyakazi. Hapo palikuwa na "bado" iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa kuwa mtathmini hajawahi kuona ugomvi wowote wa kusuluhishwa.

Redio alimwomba aandike tu kwamba anaweza. Mtathmini akamjibu, kwa upole ule ule, kwamba haandiki asichokiona. Angekuja mara moja ya mwisho, Alhamisi.

Nyumbani mumewe alicheka mpaka akakohoa. Kama shida ni ugomvi, alisema, basi mwalike huyo bwana hapa sebuleni siku ya mpira, aone watu wanavyogombania rimoti. Redio hakucheka. Pasi yenyewe hakuiogopa, aliianza kazi akiwa kwenye pasi. Alichokiogopa ni huyo mtu wa nje, asiyemjua yeyote, atakayewapanga watu wake kama foronya.

Wenzake nao hawakumtaka mtu wa nje. Saa ya chai wakala njama, wakinong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, naye Redio alikuwa nyuma ya toroli la taulo, akayasikia yote na kujifanya kiziwi. Mpango ulikuwa kwamba Alhamisi, mtathmini akishasimama mahali pake, Ngurumo na wifi wagombane.

Ngurumo ni mwendesha mashine za kufulia. Kaitwa hivyo kwa ajili ya mashine, si kwa ajili ya sauti yake, maana huyo akikusalimia unamwomba arudie. Wifi ni wifi yake Redio hasa, mdogo wake mumewe, aliyeanza kazi pale mwaka uliopita. Kazi yake ilikuwa kuvuta mashuka yaliyolowa kutoka tumboni mwa mashine na kuyapakia torolini, mazito kama mtu aliyezimia. Mdomo anao, na kwa hiyo alichaguliwa bila kupigiwa kura.

Alhamisi ikafika, na mtathmini akafika. Ngurumo akakohoa.

"Wewe," akasema, macho yako darini kana kwamba maneno yameandikwa huko, "wewe unachelewesha mashuka." Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaongeza, "Samahani."

Mpiga pasi mmoja aliingiza foronya mdomoni ili asicheke. Wifi akashika kiuno na kujibu kama walivyopanga, kwamba mbovu si yeye, mbovu ni mashine na anayeiendesha. Redio akasogea akiwa amevaa uso wa msuluhishi, akamwomba kila mmoja aeleze upande wake. Ngurumo akaeleza wake wote, na hakuna aliyemsikia. Ikawa zamu ya wifi.

Wifi alifungua mdomo kusema alichopangiwa. Labda ni lile joto la mashine, labda ni kule kuulizwa tu, kwa sababu tangu aingie pale hakuna aliyewahi kumuuliza upande wake.

"Mimi na Ngurumo hatuna neno," alisema. "Neno ninalo na wewe."



Akalitoa dukuduku lote. Kila mtu pale ana siku yake ya kukaa meza ya kukunjia, ile ya dirishani, penye upepo, ambapo unakunja taulo huku unawaangalia wapita njia. Wote wanazungushwa, yeye hazungushwi. Siku zote ni mashuka ya maji, mgongo umekuwa wa bibi kizee. Na Jumapili akienda kwa kaka yake, mwanamke huyu huyu anamlaki mlangoni, anampa kiti kizuri, anamwita mpenzi, halafu Jumatatu anamrudisha mdomoni mwa mashine. Akiuliza anaambiwa kazini hakuna undugu.

"Sawa, hakuna undugu," alimalizia, na sauti ikaanza kukatika. "Basi nihesabu mtu baki. Mtu baki hapa ana siku yake ya dirishani."

Redio alikuwa na majibu tele. Alimweka pale ili watu wasije wakasema anabeba ndugu yake, na angekuwa msimamizi mwingine aliyefanya hivyo, Redio mwenyewe angekuwa wa kwanza kuitangaza. Akawatazama wenzake wamtetee, lakini ghafla kila mmoja alikuwa na kazi ya haraka. Ndipo akaelewa. Walilijua wote, na wamelisema wote, na katika habari zote za chumba kile, hii peke yake ilipitishwa mlango wa nyuma.

Kalamu ya mtathmini ilikuwa hewani. Njia nyepesi ilikuwepo. Angesema kuanzia kesho wifi akae dirishani, basi, shauri limekwisha, karatasi imetimia. Mdomo ulishafunguka kusema hivyo.

"Hili silisuluhishi mimi," akasema badala yake. "Hapa mshtakiwa ni mimi, siwezi tena kuwa hakimu. Ngurumo, kaa wewe mahali pangu."

Ngurumo aligeuka nyuma kuona kama kuna Ngurumo mwingine. Hakumwona. Akaenda kuzima mashine, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikasikika, nzuri tu, ya mtu anayejua kusema. Alimuuliza wifi anataka nini hasa. Alimuuliza Redio nini kilimzuia, na Redio akajibu bila kutia chumvi, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha Ngurumo akawauliza wengine kama wangenung'unika wifi akipewa dirisha. Mpiga pasi akatoa foronya mdomoni, akasema wao walikuwa wanajua kwamba Redio anamkomoa wifi kwa kuwa wifi alimvunjia seti ya bilauri. Mwingine akasema hapana, ni kwa ajili ya gauni la kuazima. Ikawa zogo la kila mtu na toleo lake, na wifi mwenyewe akacheka, machozi hayajakauka.

Hukumu ikatoka. Siku za dirishani zipangwe na wote kwa pamoja, na anayeanza ni wifi, leo hii. Mashuka ya maji, mpaka zamu iishe, ayavute Redio ili aujue uzito wake.

Redio akakunja mikono ya gauni. Kabla hajainama alimgeukia mtathmini, akamwambia kwamba ule mwanzo ulikuwa mchezo, kwamba aliujua akaunyamazia, na kwamba aandike atakavyo. Mtathmini akasema mchezo aliushtukia palepale Ngurumo alipoomba radhi. Kilichofuata hakikupangwa na mtu, na ndicho alichokuwa akikiandika. Limebaki swali moja, na si la Redio. Akaenda dirishani kumuuliza mwenye malalamiko kama ameridhika.

Wifi hakuwa na haraka. Alikunja taulo, akalilaza, akachukua jingine. Huku Redio, nusu ya mwili imo ndani ya mashine, alikuwa anavuta shuka na sikio lote liko dirishani.

"Wifi," aliita wifi, jina alilokatazwa kulitumia kazini, "mazito?"

"Mazito, wifi yangu. Nisamehe."

Wifi akamgeukia mtathmini. "Ameweza," akasema. "Na uandike hapo pembeni kwamba kaka yangu alioa mtu mgumu, lakini akilowekwa analainika."

Mtathmini akasema pembeni hapana nafasi. Akaandika neno moja, akaweka sahihi, na vicheko na makofi vikajaa chumba. Redio alitaka kukimbia akalione neno lile kwa macho yake, ila shuka lilikuwa limemviringika miguuni, na Ngurumo, aliyekwisha kuuzoea uhakimu, alimwonyesha kwa kidole mashine ya pili, iliyokuwa imejaa.