Nyaya Tano na Paka wa Ghala

Waya wa tatu ulikubali mara moja. Wa nne ulikataa. Niliushika kwa kibano, nikagusisha ncha ya chuma cha kulehemu, nikahesabu moja, mbili, nikaondoa. Risasi ya kulehemia ilibaki imejikunja juu ya waya kama tone la maji kwenye jani, chini haikushika. Nikaifuta, nikapaka kidogo dawa ya kuishikisha, nikaanza upya.

"Umefika wapi?" Mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Wa nne, Mama."

"Na jana ulikuwa wa ngapi?"

"Jana nilikuwa nafungua tu."

"Huyu angekuwa daktari," shangazi akasema, "mgonjwa angepona mwenyewe kwa kuchoka kusubiri."

Shangazi, dada yake baba, ana wifi mmoja tu duniani, naye ni Mama. Wameishi kwa kurushiana maneno miaka thelathini na kitu, na siku wanayonyamaza ndiyo siku ya kuwaita majirani. Mimi ni fundi wa mizani. Kazi nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua mizani mbovu za maduka na kuzifunga tena mpaka zikasema kweli, na ni kazi isiyotaka haraka.

Ila kilichokuwa mezani alasiri ile hakikuwa mizani. Kilikuwa mashine ya mchezo ya Mama, ile ndogo ya kushika mkononi, ya kijivu, vitufe vyake vimelainika kama sabuni iliyotumika. Ina kaseti moja tu, ya mchezo wa ghala. Masanduku yanashuka kutoka juu, unayapanga, matatu ya alama moja yakikutana yanaondoka. Paka anakaa juu ya ukuta wa ghala na kukutazama. Ukifanya vizuri anatikisa mkia, ukifanya vibaya anakupa mgongo. Mama alikuwa fundi cherehani, na kila alasiri, akishafunika cherehani yake, yeye na wifi yake walipokezana mashine hiyo mpaka mmoja akasirike.

Mwaka jana doa liliingia katikati ya macho yote mawili ya Mama. Daktari wa macho alimwambia kwa upole kwamba halitatoka. Vitu vikubwa na vyenye mwanga angeweza kuviona, akijifunza kuvitazama kwa pembeni. Mama akaacha kushona. Aliifunika cherehani siku hiyo na hakuifunua tena, wala hakulalamika. Mchezo ndio aliokataa kuuacha.

Nilianza kwa kumbadilishia skrini. Ile ya zamani haikuwa na mwanga wake, ilikuwa lazima uielekeze dirishani kama mtu anayekagua yai. Nikaweka mpya inayowaka kwa ndani. Mama aliipokea, akaigeuza geuza, akasema, "Naona vizuri, mwanangu. Ahsante sana." Siku ya tatu nilipita nyuma ya kiti chake. Mchezo ulikuwa umekwisha zamani, maandishi ya mwisho yamesimama kwenye skrini, na vidole vyake vilikuwa bado vinabonyeza.

Nilirudi jikoni polepole, ili asijue nimeona.

Shida ya "naona vizuri" ya Mama ni kwamba huisema kwa kila kitu. Alimwambia daktari. Aliiambia ngazi iliyomwangusha. Aliisema siku aliyotia chumvi kwenye chai, na chai yenyewe akainywa yote ili asishindwe. Kwa hiyo nilipoamua kuitoa picha ya mchezo na kuipeleka kwenye runinga, niliogopa jambo moja. Asipoona hata huko, hataniambia. Atakaa mbele ya runinga na kunidanganya kwa upendo, na mimi sitakuwa na hatua nyingine ya kuchukua.

Waya wa nne ulishika. Wa tano ukafuata bila ubishi.

Picha ya mashine ile hupita kwenye nyaya nyembamba kutoka kwenye saketi hadi kwenye skrini, na mimi nilikuwa nachepusha tano kati ya hizo kwenda kwenye kibao kidogo cha saketi nilichoagiza, ambacho kazi yake ni kuifanya picha ieleweke kwa runinga. Nyaya tatu ni za kupanga wakati tu: moja inasema nukta mpya, nyingine mstari mpya, nyingine picha mpya. Mbili zilizobaki ndizo zinazobeba rangi, na nilipoelewa zinavyoibeba nilicheka peke yangu. Ni mizani! Waya mmoja ni jiwe la mizani la uzito wa moja, mwingine ni jiwe la mbili. Usipoweka jiwe, nukta ni nyeupe. Weka dogo, inakuwa kijivu hafifu. Weka kubwa, kijivu kizito. Weka yote mawili, nyeusi. Rangi nne kwa mawe mawili. Muuza duka yeyote angeelewa.

Nina desturi moja sivunji. Siwashi kitu nilichokilehemu mpaka mtu mwingine amenisomea orodha kwa sauti, nami nifuate kwa kidole. Nikampa shangazi karatasi.

"Mwekundu, jiwe kubwa, tundu la kwanza," akasoma. "Jiwe? Ndani ya kitu hiki kuna mawe?"

"Ni namna yangu ya kukumbuka, shangazi."

"Na mbona unaanza na kubwa?"

"Kwenye mizani kubwa hutangulia. Ndogo ni ya kumalizia."

"Haya. Mweupe, jiwe dogo, tundu la pili. Njano, nukta, la tatu. Kijani, mstari, la nne. Bluu, picha, la tano."

Kila waya ulikuwa pale orodha ilipotaka. Nilizifunga mashine na kibao juu ya sinia kwa utepe, kifuniko cha nyuma kikiwa bado wazi, nikaunganisha kebo ndefu kwenye runinga, nikamwekea Mama sinia mapajani.

"Kama naletewa chakula," alisema.

"Ukikiunguza hiki hakuna kingine, wifi," shangazi akaonya. "Shika kama mtoto wa watu."

Nikawasha.

Runinga ilikaa nyeusi kwa muda uliotosha shangazi kuvuta pumzi ya kusema jambo. Kisha ikaja nyeupe, kioo chote cha runinga cheupe, na ndani yake ghala. Masanduku makubwa kama vitabu yakaanza kushuka. Picha ilitulia, haikutetema wala kuteleza. Kwa fundi aliyejifunza kwa mizani, nilijiona nimefanya jambo.

Mama alisogeza kiti. Akageuza kichwa upande, shavu likitazama runinga.

"Unaitazama kama kuku anayekagua punje," shangazi alisema.

"Wacha kuku ale."

"Mama," nikauliza, "unaona?"

"Naona vizuri, mwanangu. Ahsante sana."

Yale yale, na kwa sauti ile ile. Masanduku mawili ya kwanza aliyaangusha popote. Nilimtazama shangazi, naye akanitazama. Nilianza kufikiria jinsi ya kuzima bila kumvunja moyo.

"Ila," Mama akasema.

"Ila nini?"

"Sitaki kukulaumu, umehangaika."

"Sema, Mama."

"Huyu paka umemtoa wapi?"

"Paka?"

"Huyu siye wangu. Wangu ana mwili wa moshi na mistari ya mkaa. Huyu mwili mkaa, mistari ndiyo moshi. Umenigeuzia paka."

Shangazi alicheka. "Wifi, paka ni paka. Umekaa naye mbali miezi mingi, umemsahau."

"Nimsahau? Mume wangu naweza kumsahau. Huyu amenipa mgongo miaka thelathini!"

Mimi sikuwa nacheka. Mchezo ule siuchezi, na paka sijawahi kumkagua. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikapiga magoti mbele ya sinia, nikaangalia ile skrini ndogo iliyokuwa bado inawaka kwenye mashine yenyewe. Paka: mwili hafifu, mistari mizito. Nikainua macho kwenye runinga. Mwili mzito, mistari hafifu. Nyeupe ilikuwa nyeupe pote, na nyeusi nyeusi, ndiyo maana kwenye ghala na masanduku kosa lilinipita. Ni paka peke yake aliyepakwa vijivu viwili vya katikati.

Nikachukua mchoro uliokuja na kibao, nikausoma tena kwa kidole. Tundu la kwanza lilikuwa la jiwe dogo. Wao huanza na dogo. Mimi niliweka kubwa mbele kwa sababu ndivyo mkono wangu ulivyozoea, na shangazi alisoma kwa uaminifu orodha niliyoikosea mimi mwenyewe.

"Shangazi," nilisema, "Mama amesema kweli. Nimebadilisha mawe."

"Amesema kweli kuhusu nini?"

"Kuhusu paka. Ameona mistari ya paka."

Shangazi akatua kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya Mama, mikono kiunoni. "Wewe! Kumbe unaona!"

"Si nimesema naona vizuri? Na ondoka hapo, unanizibia sanduku."

Shangazi alipiga kigelegele kilichofanya mbwa wa jirani abweke. Mimi nilibaki pale chini, karatasi mkononi, nikicheka kama mtu aliyepokea habari njema kutoka mbali. Katika miaka yangu yote ya ufundi sijawahi kufurahia kosa langu. Lile ningelitia kwenye fremu.

Mama hakutungoja. Vidole vilikuwa vimeanza kupata njia yao. Sanduku likashuka, akalisogeza kushoto, kushoto tena, likatua. Matatu yakaondoka. Yule paka wa kugeuzwa akatikisa mkia, na Mama akaguna, "Tikisa, tikisa, hata kama sikujui."

Hatua ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne alikosea, akajilaumu kwa maneno ambayo sitayaandika, akarekebisha. Shangazi alikuwa amesogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Mama, zima kidogo nikurekebishie paka," nilisema. "Ni nyaya mbili tu za kubadilishana. Dakika kumi."

"Dakika kumi zako nazijua. Zinaota ndevu."

"Na sauti bado haijafika kwenye runinga. Na kifuniko kiko wazi."

"Kesho."

"Vumbi litaingia."

"Mwanangu, nimesema kesho. Leo usiniguse sinia."

Nikachomoa chuma cha kulehemu, nikakiacha kipoe kwenye kiegemeo chake. Nilipanga vibano, nikafunika risasi, kisha nikakosa la kufanya, nikakaa sakafuni nyuma yao.

"Wifi, nipe zamu," shangazi akasema.

"Zamu gani?"

"Ukishindwa ni zamu yangu. Ndiyo sheria."

"Basi ngoja nishindwe."

Alikuwa hatua ya tisa. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka kazini, mtu akapita dirishani akauliza kulikuwa na nini hata kigelegele kikalia, na shangazi akampungia mkono aende zake. Masanduku yalikuwa yanashuka haraka mno kwangu kuyafuata. Mama, kichwa kimegeukia upande, alikuwa anayafuata yote.

"Ya kumi na moja," shangazi alinong'ona. "Tangu lini tumefika huku?"

"Tumefika nani na nani?" Mama akauliza, na akapanga sanduku jingine.