Ndoo ya Shangazi Riziki

Mwanaisha alimfokea shangazi yake hadharani, majirani wa Likombe wakisikia.

"Nani amekutuma uguse? Umeniharibia kazi!"

Kosa la Shangazi Riziki lilikuwa kumsaidia kuosha vyombo. Katika kuosha, alisuuza pia kimoja cha vipande vya nikeli vya majaribio ya Mwanaisha kwa maji ya ndoo yake ya chuma, iliyojaa kutu. Kipande hicho, chenye utando wa chembe ndogo mno, kilikuwa kichocheo cha bei nafuu cha kutoa oksijeni kwenye maji kwa umeme wa sola. Shangazi aliomba radhi, akabeba ndoo yake, akaondoka.

Kesho yake Mwanaisha alivijaribu vipande vyote. Visafi vilitoa mapovu ya kivivu. Kile cha kutu kilichemka kama chungu. Kumbe nikeli ilihitaji chuma kidogo tu, na ndoo ndiyo iliyoipa.

Alikwenda kwa shangazi na doti ya kanga, uso chini.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja…"

"Marahaba, mwanangu. Usiseme kitu." Shangazi akamwonyesha ndoo mpya ya plastiki. "Ile ya kutu nimeitupa baharini. Sitakuharibia tena."