Makasha Arobaini ya Mukeke

Révérienne alinipigia nikiwa mwaloni Kibirizi, boti zikishusha samaki na kila mtu akipiga kelele. Alitumwa kutoka Bujumbura kuandaa mkutano wa wafanyabiashara wa nchi nne za Ziwa Tanganyika, hapa Kigoma, na alipewa namba yangu kama mwenyeji wa kumtafutia vitu.

"Mzee Gervasi, nataka mukek... arobaini. Jumanne asubuhi, ukumbini."

Neno lenyewe lilikatwa na injini. Lakini mimi ni Muha, Kiha na Kirundi ni ndugu, kuna Mrundi gani wa kunificha neno? Samaki wetu mgebuka kwao ni mukeke.

"Mukeke utapata, mama!" nikamwambia, simu ikakatika.

Marcelina, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wauza samaki, akauliza, "Arobaini nini? Samaki arobaini?"

"Mtu atoke Bujumbura apige simu kwa samaki arobaini? Makasha!"

Tulikuwa tunaisubiri nafasi hiyo. Miaka yote samaki wetu wanavuka mpaka kwa mkono wa Bonifasi dalali, sisi tunabaki na harufu. Safari hii tungeuza wenyewe. Tangu umeme wa gridi ufike barafu haisumbui, basi tukachukua samaki wa boti zote zilizotuamini, tukawapanga kwenye makasha. Ikishindikana, wenye boti hawatatupa tena hata dagaa wa paka.

Bonifasi akapita akicheka. "Mmekuwa mabalozi siku hizi?"

"Pita na njia yako," Marcelina akamjibu.

Jumanne tukapeleka mzigo kwa kirikuu, safari mbili. Révérienne akatoka ukumbini kwa furaha, akafunua kasha la kwanza. Furaha ikaisha.

"Hii ni nini?"

"Mukeke."

"Mana yanje! Mimi nilisema mukeka! Mikeka! Ya kukalia!"

Marcelina akanitazama, nami nikatazama ziwa.

Révérienne akaeleza, mikono kiunoni. Mkutano uliopita, Bujumbura, wajumbe waligombania kichwa cha meza mpaka chai ikapoa. Safari hii wakakubaliana wakae chini, kila mtu na mkeka wake, asiwepo mkubwa wala mdogo.

"Sasa mjumbe wa Zambia nimkalishe juu ya samaki?"

"Ni wabichi," nikasema. "Hatachafuka sana."

Hakucheka. Maji ya barafu yalikuwa yanadondoka kwenye ngazi, na jua lilikuwa linapanda. Kufikia adhuhuri tungekuwa na makasha arobaini ya uvundo.

Wajumbe wakaanza kufika. Yule wa Zambia, mtu wa Mpulungu, akachungulia kasha akapiga makofi. "Bukabuka! Wa kwetu huyu!"

"Wa kwenu wapi?" akadakia Mkongo wa Kalemie. "Ile ni mikebuka, bwana. Iko inatoka upande wetu, inakuja huku kutembea tu."

"Ina pasipoti?"

"Weye ndiye uiulize!"

Wakacheka, wakabishana, mjumbe wa kwetu naye akaingia akisema mgebuka ni wa Kigoma tangu mababu. Nchi nne zikasimama mlangoni zikigombea samaki mmoja. Nikachoka.

"Sikilizeni," nikasema. "Samaki huyu hajui mpaka. Barafu nayo haijui mkutano. Kuna anayenunua au mnataka kumbatiza tu?"

Marcelina akanikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mrundi mmoja mnene, Ndikumana, akainama, akafunua shavu la samaki, akabonyeza nyama kwa kidole. Yeye anauza samaki Bujumbura, na boti iliyomleta na wenzake ilikuwa inarudi mchana huo.

"Nachukua yote. Lakini kwa nusu bei, maana mmebanwa."

"Sisi tumebanwa," Marcelina akasema, "na wewe boti yako inarudi tupu, unachoma mafuta kubeba upepo. Nani kabanwa zaidi?"

Ndikumana akamtazama, kisha akageukia wenzake. "Huyu mama yuko kwenye mkutano?"

"Hayupo," Révérienne akasema.

"Mwingizeni. Aseme mwenyewe kwa nini samaki wake apitie kwa dalali, na mimi kule nikose."

Wakakubaliana bei ya mwaloni, bila punguzo. Viti vya plastiki vikapangwa mduara, asiwepo wa kichwani, na Marcelina akaingia na kanga yake yenye magamba ya samaki, akakaa kati ya Zambia na Kongo. Nilimsikia mpaka nje. Akiongea bei, anasikika hadi Bangwe.

Mimi nikapeleka makasha bandarini. Afisa wa forodha akashika kalamu. "Jina la bidhaa?"

"Mgebuka," nikasema.

"Mukeke," akasema nahodha wa Ndikumana.

Afisa akatutazama mmoja mmoja, akaandika *samaki*, akagonga muhuri. Boti ikawasha injini, ikaelekea kaskazini na mzigo wetu. Bonifasi alikuwa amesimama gatini, mikono mfukoni. Nikampungia.